"Mungu Atatoa": Neno la Imani au Neno la Kukwepa?



Katika ukurasa huu tungependa kuzungumza nanyi, mume na mke, juu ya maneno mawili ambayo husikika karibu kila siku katika nyumba za Wakristo: "Mungu atatoa." Husemwa wakati karo ya shule imekosekana. Husemwa wakati mwenye nyumba anagonga mlango akidai kodi. Husemwa kando ya kitanda cha hospitali, na husemwa na mume na mke waliongoja mtoto kwa miaka mingi. Ni maneno mazuri. Abrahamu mwenyewe alimjibu mwanawe kwa namna hiyo walipokuwa wakipanda mlimani (Mwanzo 22). Hata hivyo, maneno hayo yanaweza kuijenga ndoa, na yanaweza pia kuibomoa.

Hebu fikirieni nyumba moja. Mume ameachishwa kazi pamoja na wenzake wengi, na miezi mitatu imepita. Kila mkewe anapouliza habari za karo, mume anajibu, "Mama watoto, kwani wewe huna imani? Mungu atatoa." Mke ananyamaza. Usiku anakesha akihesabu madeni, huku akijiuliza, "Je, wasiwasi wangu ni dhambi? Kumtumaini Mungu ni kutouliza maswali?" Mume naye amegeukia ukuta, macho wazi. Ukweli ni kwamba anaogopa kuliko mkewe, lakini anaona aibu kusema. Wote wawili ni waumini. Jumapili wanakaa benchi moja kanisani. Lakini katika shida hii kila mmoja amebaki peke yake, na neno lililowatenganisha ni neno la imani.

Basi yafaa tujiulize: kumtumaini Mungu ni nini hasa? Na mtu anayemtumaini Mungu anaweza kumwahidi nini mwenzi wake?

MATARAJIO SI TUMAINI

Lugha yetu yenyewe yaweza kutusaidia. Mkulima hutarajia mvua mwezi wa Machi. Mfanyakazi hutarajia mshahara mwisho wa mwezi. Matarajio hutazama kitu, na kitu hicho kisipokuja, matarajio hufa. Lakini sisi husema pia, "Namtumaini mama yangu." Hapa hatutazami kitu. Tunamtazama mtu. Mtoto mdogo anayesafiri usiku na mama yake kutoka Kitale kwenda Mombasa haijui njia, wala hajui nauli ilipatikanaje. Analala mapajani pa mama. Hajui watafika saa ngapi, lakini anajua yuko na nani.

Tumaini la Kikristo ni la namna hiyo. Si kubahatisha kwamba mambo yatakuwa mazuri. Ni kumtegemea Yeye aliye pamoja nasi, hata kabla hatujajua mambo yatakuwaje.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyeishi kati ya mwaka 1225 na 1274, alieleza kwamba kitu tunachokitumainia kina sifa nne: ni chema, bado hakijafika, ni kigumu kukipata, na kinawezekana. Angalieni sana sifa ya tatu. Kitu kilicho rahisi hakihitaji tumaini. Hakuna anayetumaini kwamba kesho jua litachomoza. Kwa hiyo mke anayeona ugumu wa karo na kuutaja kwa jina lake hajakosa imani. Yuko mahali pale pale ambapo tumaini huanzia. Bwana wetu mwenyewe, katika bustani ya Getsemane, alihuzunika na kutokwa na jasho kama matone ya damu, akamwambia Baba yake wazi kile alichokitaka. Hofu si dhambi. Lililo muhimu ni kuipeleka hofu hiyo kwa Baba badala ya kuificha.

MITARO MIWILI KANDO YA BARABARA

Barabara ya tumaini ina mtaro kila upande, na wanandoa wengi huanguka katika mmojawapo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, huitaja yote miwili kuwa dhambi dhidi ya tumaini (namba 2091 na 2092).

Mtaro wa kwanza ni kukata tamaa. Hapa mtu huacha kuutarajia msaada wa Mungu. Nyumbani dalili zake ni nyingi. Baba anakunywa pombe ili asahau. Mama anaacha kusali kwa sababu, asema, amesali vya kutosha. Mkopo wa simu unalipwa kwa mkopo mwingine wa simu. Wengine huenda kwa mganga kwa siri, mmoja bila kumwambia mwenzake.

Pengine hakuna mahali kishawishi hiki kinapochoma kama kwa mume na mke wasiojaliwa mtoto. Mama mkwe anauliza. Majirani wanauliza. Wazee wa ukoo wanamwita mume kando na kumshauri aoe mke mwingine. Wanandoa hao wasidhani kwamba Maandiko Matakatifu hayawajui. Abrahamu na Sara walipochoka kungoja, walimtumia Hagari, mtumishi wao, ili wapate mtoto (Mwanzo 16). Ni nani aliyelipa gharama ya kukata tamaa kwao? Si Abrahamu wala Sara peke yao. Alilipa Hagari, aliyekimbilia jangwani akiwa mjamzito, na baadaye akafukuzwa pamoja na mwanawe, wakabaki na maji yaliyokwisha (Mwanzo 21). Mungu hakumwacha Hagari. Alimwona na kumsikia. Lakini somo kwetu ni wazi. Tumaini la mume na mke likivunjika, mara nyingi anayeumia zaidi ni mtu wa tatu, na mara nyingi ni mtoto.

Mtaro wa pili hautambuliki upesi, kwa sababu umevaa nguo za Jumapili. Ni kumjaribu Mungu: kutaka atende yale tuliyoamua sisi, kwa wakati tuliopanga sisi, wakati sisi wenyewe hatutimizi wajibu wetu. Mama anachukua karo ya watoto na kuipeleka kama "mbegu" kwa mhubiri anayeahidi kwamba itarudi mara mia. Baba anaweka pesa za unga katika kamari ya simu huku akiomba timu yake ishinde. Mgonjwa wa kisukari anatupa dawa zake kwa sababu ameombewa. Watu hawa husema wanamtumaini Mungu. Kwa kweli wamempa Mungu amri.

Nchi yetu imeona mtaro huu unaweza kuwa na kina kiasi gani. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao watoto, watu waliofunzwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Tusiseme haraka kwamba watu hao walikuwa wajinga. Kati yao walikuwamo akina baba na akina mama waliompenda Mungu, wakapotoshwa. Tukumbuke kwamba hata shetani alimwalika Yesu "kumtumaini Mungu." Alimpandisha juu ya hekalu, akamtajia Zaburi, akamwambia ajitupe chini. Yesu alikataa (Mathayo 4). Tumaini linalokutaka uache kumlisha mtoto wako, au uache kumpeleka hospitali, halitoki kwa Mungu, hata likisemwa kwa maneno ya Biblia.

MUNGU AMEAHIDI NINI?

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Matatizo mengi hutokea kwa sababu tunamdai Mungu ahadi ambazo hakutoa. Mungu hakuahidi kwamba kila Mkristo atapata kazi, wala kwamba kila mgonjwa atapona katika maisha haya, wala kwamba kila ndoa itapata mtoto. Aliahidi kuwa pamoja nasi siku zote, na kwamba mauti haitakuwa na neno la mwisho. Anayeisoma Injili kwa makini ataona kwamba ahadi hii ni kubwa kuliko zile tunazojitungia.

Tutazame ndoa mbili ambazo Kanisa limetuwekea mbele yetu.

Luigi na Maria Beltrame Quattrocchi walikuwa mume na mke wa Roma. Mume alikuwa mwanasheria. Maria alipokuwa na mimba ya nne, mwaka 1913, madaktari waliona hatari kubwa, wakashauri mimba itolewe ili mama aokolewe. Wazazi hao walikataa, wakiwa wanajua kwamba Maria angeweza kufa. Mwaka 1914 mtoto wao Enrichetta akazaliwa, na mama akapona. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwatangaza pamoja kuwa wenye heri tarehe 21 Oktoba 2001.

Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, waliishi Alençon nchini Ufaransa. Louis alikuwa fundi wa saa na Zélie alifanya biashara ya kufuma lesi. Walijaliwa watoto tisa, wakazika wanne wakiwa bado wadogo. Kisha Zélie akapata saratani ya matiti. Mwezi wa Juni mwaka 1877 alisafiri kwenda Lourdes kuomba uponyaji. Hakupona. Alifariki tarehe 28 Agosti mwaka huo huo, akamwacha Theresia akiwa na miaka minne. Louis alihamia Lisieux ili binti zake wawe karibu na jamaa za mama yao. Katika uzee wake naye alipatwa na ugonjwa wa akili, akalazwa hospitalini kwa muda mrefu. Tarehe 18 Oktoba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu siku moja.

Je, Maria wa Roma alikuwa na imani kubwa kuliko Zélie? Wa kwanza aliruka mauti, wa pili hakuruka. Kama tumaini lingepimwa kwa matokeo, tungesema mmoja alisikilizwa na mwingine alisahaulika. Kanisa halikusema hivyo. Liliwaweka wote kwenye altare, kwa sababu wote walibaki mikononi mwa Mungu na hawakuachana katika taabu. Msomaji uliyesali ukapoteza mtoto, au uliyesali ukapoteza kazi, usikubali mtu yeyote akuambie kwamba imani yako ilikuwa ndogo. Zélie angekuelewa.

Baba Mtakatifu Fransisko alipotutembelea Kenya, tarehe 27 Novemba 2015 alikutana na vijana katika uwanja wa Kasarani. Aliwaonyesha vitu viwili ambavyo alivibeba mfukoni daima: rozari, na Njia ya Msalaba ndogo. Njia hiyo ya Msalaba aliieleza kuwa ni historia ya kushindwa kwa Mungu. Akasema kwamba kwa vitu hivyo viwili hapotezi tumaini. Ni neno zito. Siku ya Ijumaa Kuu, kila aliyetazama kwa macho ya kawaida aliona kwamba yote yamekwisha. Aliyebaki pale, chini ya msalaba, bila maelezo yoyote, alikuwa Mama Maria na wachache pamoja naye. Kubaki kwao ndiko kulikokuwa tumaini lao.

AHADI YA MUNGU KATIKA AHADI YENU

Sasa turudi nyumbani. Siku ya harusi yenu hamkuahidiana mali. Hamkuahidiana afya wala watoto. Mlitaja raha na taabu, ugonjwa na afya, mkaahidi kuwa waaminifu kwa kila mmoja katika hayo yote. Angalieni jinsi ahadi hiyo inavyofanana na ahadi ya Mungu: hakuna aliyesema "sitaruhusu mabaya yakufike", mlisema "yakifika, utanikuta." Ndiyo maana ndoa ni sakramenti. Mume aketipo kando ya kitanda cha mkewe, mke huyo anaonja kwa mkono wa mwanadamu ukweli wa neno la Mungu kwamba hatamwacha.

Kutoka hapa twapata kanuni rahisi: usimwahidi mwenzi wako kitu ambacho Mungu hakukiahidi, na usimnyime kile ambacho wewe ulikiahidi. Daktari amesema ugonjwa ni mbaya. Usiseme, "Nina hakika utapona," kwa kuwa hujui, na mgonjwa mwenyewe ataona kwamba hana mtu wa kumwambia hofu yake. Sema, "Tutatafuta matibabu, tutaomba upone, na lolote litakalotokea sitaondoka." Kazi imekwisha. Usiseme tu, "Mungu atatoa." Sema, "Mama watoto, naogopa. Tuketi tuhesabu kilichobaki, halafu tumwombe Mungu." Maneno hayo ya pili yana imani zaidi, ingawa sauti yake ni ndogo.

Kuna jambo jingine. Mara nyingi wawili hawana nguvu kwa wakati mmoja. Kumbukeni yule mgonjwa wa kupooza aliyebebwa na watu wanne, wakatoboa dari na kumteremsha mbele ya Yesu (Marko 2). Injili yasema Yesu aliiona imani yao, yaani hata ya wale wabebaji. Katika ndoa zamu hubadilika. Leo mke anabeba mkeka, kesho mume. Mwenzako akisema, "Mimi siwezi kusali tena," usimkemee. Mwambie, "Leo nitasali kwa niaba yetu sisi wawili." Na nyote mkichoka, jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo iko kwa sababu hiyo. Haikuwekwa kwa ajili ya michango na matanga tu. Waambieni ukweli, angalau wawili au watatu mnaowaamini, wawabebe.

NENO LA TAHADHARI

Kuna watu ambao maneno ya tumaini yametumiwa kuwafunga. Mke anayepigwa, au mume anayeteswa, au watoto walio hatarini, wasiambiwe tu, "Vumilia, omba, Mungu atambadilisha." Sheria ya Kanisa (kanuni 1153) inamruhusu mwenzi aliye katika hatari kubwa ya mwili au roho, yeye au watoto, kutengana na mwenzake. Kwenda mahali salama, kumweleza paroko, kwenda hospitali na kupiga ripoti kwa polisi si kukosa imani. Unaweza kumtumaini Mungu amwongoe mwenzi wako ukiwa mbali na mkono wake. Kumsamehe mtu na kumpa nafasi ya kukuua ni mambo mawili tofauti.

MNAYOWEZA KUFANYA JIONI HII

Waisraeli jangwani walipewa mana na Mungu, lakini kila asubuhi iliwabidi watoke hemani waiokote, na aliyeweka akiba ya kesho kwa hofu aliikuta imeoza (Kutoka 16). Mungu alitoa, watu waliokota. Basi:

1. Watoto wakishalala, zimeni televisheni, wekeni simu kando. Kila mmoja aseme jambo moja linalomtia hofu. Mwenzake asijibu upesi. Asikilize hadi mwisho.

2. Andikeni kwenye karatasi madeni yote na mapato yote, pamoja na yale yaliyofichwa. Deni lililofichwa haliwezi kuombewa na wawili.

3. Chagueni kazi ya kesho tu: kuongea na mwalimu mkuu juu ya karo, kwenda kliniki, kuuliza kibarua, kumwona padri. Wanandoa wasiojaliwa mtoto wanaweza kwenda pamoja kwa daktari, wote wawili, maana si haki mke apimwe peke yake. Wanaweza pia kuulizia habari za kuasili mtoto kwa njia halali, chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022.

4. Mwisho ombeni, mkitaja mambo kwa majina yake, na kumshukuru Mungu kwa jambo moja lililotokea siku hiyo.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi hategemei koleo lake moja. Nanyi msitegemee mshahara mmoja, wala tiba moja, wala mpango mmoja mliouweka wenyewe. Mtegemeeni Yeye aliyewaunganisha. "Mungu atatoa" ni neno la kweli, mkilisema huku mmeshikana mikono, hesabu ikiwa mezani na ukweli ukiwa wazi. Na kitu cha kwanza anachokitoa huenda kimeketi karibu nawe sasa hivi, kikisubiri uzungumze nacho.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

- Ni wakati gani katika ndoa yetu nilisema "Mungu atatoa" ili nisiulizwe zaidi?
- Ni ombi gani tuliloomba ambalo halikujibiwa tulivyotaka? Tumewahi kulizungumzia?
- Kwa sasa, ni nani kati yetu anayehitaji kubebwa?

SALA

Ee Baba, hatujui ya kesho, lakini tunakujua wewe. Utujalie tusikate tamaa, wala tusikujaribu. Utupe nguvu ya kufanya kazi ya leo, ujasiri wa kuambiana ukweli, na neema ya kutoachana katika taabu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.